Kulinda Ndege kwa Selo

Kwaresima ni msimu wa njaa kwa mpiga selo wa Mpanda. Wakatoliki hawafungi ndoa, na wasio Wakatoliki nao ni kama wameambukizwa, wanasubiri Pasaka ipite ndipo kamati zianze kukaa. Riziki yangu kubwa ni harusi. Bibi harusi anaingia ukumbini, MC ananyamaza kwa shida, na mimi napiga kitu cha polepole mpaka afike mbele. Halafu MC anashindwa kuvumilia, anapaza sauti, "Makofi kwa dada yetu wa gitaa la kukalia!" na spika zinaanza kutetemesha glasi mezani. Siku za kazi nafundisha watoto katika chumba nilichopanga Shanwe, nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, na mara chache napewa kutunga muziki wa tangazo la redio au wa igizo la shule. Selo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu amekaa na kuishika katikati ya magoti, niliisomea Dar es Salaam, nikaisomea tena Ulaya, nikapiga kwenye okestra ya watu wanaovaa nguo nyeusi na kununa kwa pamoja, kisha nikarudi nyumbani kwa hiari yangu. Hilo la hiari watu wa Mpanda hawajalikubali mpaka leo. Wanaamini nilifukuzwa.

Mama mkubwa, dada yake marehemu mama yangu, ndiye aliyenilea huko Kibaoni, Mpimbwe, na yeye alikuwa na maelezo yake. Akiulizwa mtoto wako anafanya kazi gani, alijibu, "Yuko mjini." Akiulizwa mjini sehemu gani, alisema, "Maofisini huko." Nilimwambia mara nyingi kwamba mimi ni mwanamuziki. Akanijibu kwamba hilo analijua vizuri sana, ila haoni sababu ya kuwatangazia watu.

Basi Kwaresima moja akanipigia simu. Hakunipa hata nafasi ya kumwamkia.

"We binti, una kazi?"

"Kwa sasa sina, mama."

"Ndivyo nilivyojua. Njoo unisaidie kulinda ndege."

Mpunga wake ulikuwa umeanza kuweka maziwa, na hapo ndipo kwelea kwelea wanaposhuka. Ndege hao ni wadogo, mmoja anaenea kwenye kiganja, lakini hawaji mmoja. Wanakuja kama wingu lenye njaa, na wakikaa kwenye jaruba kwa muda wa mtu kwenda kuchota maji, ukirudi unakuta mabua yamesimama wima yakiwa na maganda matupu. Ndiyo maana tangu alfajiri mpaka jua lizame lazima awepo mtu shambani wa kupiga kelele. Kijana aliyekuwa akiifanya kazi hiyo alisikia kwamba machimbo fulani yametema dhahabu, akaacha kombeo lake juu ya dungu na kuondoka bila kuaga.

Kwa misimu miwili mfululizo ndege walikuwa wamemshinda mama mkubwa. Mwanawe, kaka yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Nsemulwa, Mpanda mjini, alikuwa ameshasema neno la mwisho: mwaka huu mpunga ukiliwa tena, kilimo basi, mama anahamia mjini. Chumba alishakiandaa. Alikipaka rangi ya krimu, akaweka kitanda kipya na feni ya darini. Mama mkubwa alikwenda kukitazama, akarudi Kibaoni na homa.

"Nikikosa mwaka huu ndo naenda kukaa chini ya ile feni," aliniambia kwenye simu. Mimi sijapata kumsikia mama mkubwa akiogopa kitu. Aliwahi kumfukuza fisi kwa mwiko. Siku ile niliisikia hofu kwenye sauti yake, nami nikaogopa naye.

Nilifungasha nguo chache na selo. Selo sikuibeba kwa mashauzi. Vidole vya mpiga selo vikikaa wiki mbili bila kazi vinasahau kila kitu, na baada ya Pasaka nilikuwa na harusi inayonisubiri. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa hata maji ya kunywa sijamaliza. Mama mkubwa alinitazama, akaitazama selo, akasema, "Hilo nalo limekuja kula?" kisha akanitangulia kwenda shambani.

Dungu letu lilikuwa jukwaa la fito juu ya nguzo nne, limeezekwa kwa nyasi, kiasi cha watu wawili kukaa wakiwa wanapendana. Nilikabidhiwa debe, fimbo na lile kombeo la kijana wa dhahabu. Siku ya kwanza nilipiga kelele kwa moyo wote. Siku ya pili sauti ilianza kukwaruza. Kombeo lilinishinda kabisa. Donge la udongo nililotaka liende mbele lilirudi nyuma, likatua ndani ya sufuria ya uji wa mama mkubwa. Yeye alilitoa kwa kijiko, akanywa uji wake, akaniambia nisilishike tena kombeo mbele ya watu.

Siku ya tatu sauti ilikwenda zake. Nilifungua mdomo, kikatoka kitu kama mlango mbovu. Mama mkubwa alikuwa upande wa mtoni na debe lake, hana habari nami. Nikaona nisipoteze asubuhi. Nikapandisha selo juu ya dungu, nikakaa kwenye kigoda, nikaanza mazoezi. Zile fito zilikuwa zinatetemeka nayo, sauti ikawa nzito na kubwa kuliko nilivyotarajia. Wingu la ndege lililokuwa linashuka likainuka ghafla, likapita juu yetu na kwenda zake.

Mama mkubwa aliacha debe akaja mbio. "Piga tena hicho kitu."

Nikapiga tena.

"Simama kwanza. Funga kitenge. Utakaaje hivyo miguu huku na huku mbele za watu?"

"Watu gani, mama? Tuko sisi na ndege."

"Hata hao ndege wana macho."

Tangu hapo nikawa napiga selo asubuhi na jioni, nimefunga kitenge kiunoni kama mpishi wa msibani. Habari haikukaa. Wa kwanza kuja walikuwa wanawake wa majaruba ya jirani, wakasema wamepita tu, ingawa kwa mama mkubwa hapapitiki kwenda popote. Walikaa juu ya tuta, wakacheka kwanza, wakanyamaza kidogo, wakaanza kupiga makofi. Kesho yake walikuja na waume zao. Keshokutwa walikuja na watoto, mihogo ya kuchemsha na mzee mmoja aliyebebwa kwenye baiskeli. Wakawa wanajibizana nami: nikipandisha, wanapandisha, nikishusha, mmoja anapiga kigelegele kwa sababu zake mwenyewe. Katika majaruba ya mama mkubwa hakutua ndege hata wa dawa.

Nami kichwa kikavimba. Nikaanza kujiona mtaalamu. Watu wakiniuliza siri ni nini, nilikuwa naugusa ule uzi mnene wa selo na kueleza kwa sauti ya chini, kama daktari, kwamba masikio ya ndege wadogo hayavumilii sauti nzito, hasa ikitoka kwenye mti uliokomaa. Nilikuwa nayatunga hapo hapo. Yalikuwa maneno mazuri, na kwa kuwa ndege hawakuja, nani angenibishia? Usiku nililala nikipanga mradi mkubwa: selo katika kila kata ya mkoa wa Katavi, mimi nikiwa mratibu.

Aliyeharibu ndoto alikuwa katekista. Shamba lake limepakana na la mama mkubwa, na ndiye aliyenifundisha komunyo ya kwanza, kwa hiyo tangu utotoni ananijua kwa makosa yangu. Alikwenda kushitaki kwa mwenyekiti wa kitongoji. Tukaitwa barazani kwa mwenyekiti, mbele ya duka lake, na watu wakajaa mpaka barabarani.

"Mwenyekiti," alisema katekista, "mie sina ugomvi na huyu mtoto. Lakini zamani ndege tulikuwa tunagawana. Kidogo kwangu, kidogo kwake, kidogo kwa wengine, ndo maisha. Sasa kwa mama yake haiingii hata moja. Zote zimehamia kwangu. Zile ni ndege zake. Azichukue."

"Ndege zangu!" Mama mkubwa alisimama. "Nimezizaa mimi?"

"Umezifukuza wewe. Mtu akifukuza mbwa wake akaja kula kuku wangu, mbwa ni wa nani?"

Watu wakaguna, maana hoja ilikuwa nzito. Mwenyekiti akasema hawezi kuamua kuhusu chombo asichokijua, kipigwe. Nikapiga. Wale wa nyuma wakaanza kutikisa mabega, na mke wa mwenyekiti alitoka dukani na kopo la mchele mkononi, akabaki amesimama nalo. Ilibidi mwenyekiti agonge meza ili shauri liendelee.

"Hii chombo," alisema, "naifananisha na plau. Mwenye plau analima kwake, halafu inazunguka kwa wenzake kwa zamu. Kesho itaanza kwa katekista. Na nyie wengine mnaokwenda kukaa kwenye matuta ya watu kutazama, madungu yenu mnamwachia nani? Kuanzia kesho kila mtu kwake. Sitaki kuona mtazamaji."

Sote tuliona hukumu ni ya haki. Mimi hasa niliiona ni heshima. Asubuhi yake nilivaa shati jeusi la onesho, nikapanda dungu la katekista, nikamsalimia kwa kuinamisha kichwa. Yeye alikaa chini kwenye tuta, mikono magotini, anangoja muujiza. Kwingine kote palikuwa kimya. Kila mtu alikuwa kwake, kama alivyoagizwa.

Ndege wakaja. Nikaanza. Wakashuka. Nikaongeza nguvu; wakasogea karibu. Nikahamia kwenye ule uzi mnene niliokuwa nauhubiri, nikausugua kwa upinde mpaka dungu likalia, na wao wakaendelea kula kwa utulivu mkubwa. Mmoja akaruka na punje mdomoni, akatua juu kabisa ya selo, kwenye kigingi cha kukazia nyuzi. Alikula punje yake huku ananitazama kwa jicho moja.

"Unapiga nusu!" katekista alipiga kelele kutoka chini. "Kwa mama yako ulikuwa unapiga yote!"

Nimepigiwa makofi katika kumbi zenye mazulia. Sijapata mtu aliyenisikiliza kwa uangalifu kama katekista siku ile, akitafuta ile nusu niliyomficha. Mwishowe alichukua debe lake, akakimbia mwenyewe huku na huku mpaka jasho likamlowesha. Mimi nikawa naendelea kupiga kwa sababu debe lilikuwa moja.

Jioni nilirudi kwa mama mkubwa nikiwa na hasira, nimeandaa maneno ya kumlaumu katekista. Nilimkuta ameketi juu ya tuta upande wa mtoni. Alikuwa peke yake siku nzima na debe lake, na ndege walikuwa wamekuja kwake pia. Upande ule wote wa mtoni ulikuwa umeliwa. Mkononi alishika shuke moja la mpunga, anaminya ganda baada ya ganda, na ndani hamna kitu.

Niliweka selo chini. Nilikaa kando yake.

"Kile chumba," alisema baadaye, "dirisha lake linatazama ukuta wa jirani."

Niliumia kuliko kama angelia. Mimi na nadharia zangu za uzi mnene tulikuwa tumemwachia shamba mwanamke wa umri ule, peke yake, ili nikavae shati jeusi kwa katekista.

Alfajiri yake sikwenda zamu kwa mtu yeyote. Nilipanda dungu la mama mkubwa na kupiga kwa ukaidi, kama mtu anayegonga mlango ambao anajua wenyewe wamo. Ndege walishuka kama kawaida. Lakini habari za aibu yangu zilikuwa zimeshazunguka Kibaoni, na watu walishindwa kujizuia. Amri ya mwenyekiti wakaivunja. Walikuja kwa mistari juu ya matuta, wanawake mbele, wakicheka mpaka wanashikana mabega, na mmoja akiwaigiza wenzake jinsi ndege alivyonikalia juu ya kichwa cha selo. Walipofika ukingoni mwa jaruba, ndege wote waliinuka kwa pamoja na kuondoka.

Nikaacha kupiga, nitazame. Watu waliendelea kunicheka. Ndege wakazunguka mara moja juu, wakasikia kile kicheko, wakaenda kutafuta shamba lenye amani.

Kumbe. Selo yangu haikumfukuza hata shomoro. Siku ile ya kwanza labda lile kundi moja lilishituka kwa ugeni wa sauti, lakini waliobaki wote walifukuzwa na wale waliokuja kunitazama: makofi yao, watoto wao, vigelegele vyao visivyo na mpango. Amri ilipowaondoa wasikilizaji, ndege walibaki na muziki mtupu, na muziki mtupu haukuwasumbua. Nilikasirika kweli kweli. Miaka yote ile nimefundishwa kwamba msikilizaji mzuri ni yule aliyekaa kimya, hata kikohozi anakimeza. Wale wasikilizaji wangu wa Ulaya wangepewa jaruba moja la Mpimbwe walinde, wangevuna pumba.

Hasira ilipopoa nilikwenda kwa mwenyekiti kumweleza ukweli, na nilijua nitajidhalilisha. Alinisikiliza huku anapima sukari ya mteja.

"Kwa hiyo chombo haifukuzi ndege," alisema.

"Haifukuzi."

"Inaleta watu."

"Inaleta watu."

"Sasa si ndo kazi yenyewe?" alisema, akafunga mfuko wa sukari.

Amri ikageuzwa siku hiyo hiyo. Majaruba yetu ni madogo na yamepakana, kwa hiyo watu wachache wenye madebe walipangwa pembeni, na wengine wote wakatakiwa wanifuate. Selo huwezi kuipiga unatembea, basi nikapewa mkokoteni wa ng'ombe. Asubuhi ndege wakianza kuja tulianzia kwa katekista, kwa sababu ndiye aliyekuwa na hasira zaidi, tukamalizia ng'ambo ya pili; jioni tunarudi kwa njia ile ile. Mimi juu ya mkokoteni na kitenge changu, watu nyuma. Nilipiga nyimbo za kanisa, za redio, za Kipimbwe walizonifundisha hapo hapo, na vitu vyangu vya kizungu ambavyo walivivumilia kama watu wanavyovumilia hotuba ya mgeni rasmi. Siku moja nilipiga kipande chenye mbio sana, ng'ombe wakaelewa wanaambiwa wao. Tulikuja kusimama mbele ya kisima, na selo ilikuwa salama kuliko mimi.

Kwaya ya parokia ilipoona watu wote wako shambani, ikahamishia mazoezi yake ya Pasaka huko huko. Hapo ndipo katekista alipopata shida ya kweli. Mkesha wa Pasaka bila Aleluya hauendi, na Aleluya ya mwaka ule ilikuwa ngumu, inahitaji mazoezi. Lakini kuifanyia mazoezi katika chumba cha sakristia mlango umefungwa ni jambo moja, na kuipaza katikati ya mpunga wakati wa mfungo ni jambo jingine.

"Aleluya haiimbwi Kwaresima," alisema, amesimama mbele ya ng'ombe.

Mama mkubwa alikuwa pembeni na debe lake, mgongo kwetu, macho juu. Hata hakugeuka. "Hatuimbi," alisema. "Tunafukuza ndege."

Katekista alitazama juu. Kundi lilikuwa linakuja upande wa shamba lake. Akasogea kando, akavua kofia, na sauti ya kwanza ya besi iliyosikika ilikuwa yake.

Hivyo ndivyo tulivyolinda mpunga mpaka ukakomaa. Sijapata kuwa na msimu wa maonesho kama ule, asubuhi na jioni, na ukumbi hauna kiti kitupu. Pasaka ilipita, Aleluya ikaimbwa bila kosa hata moja, na kila mtu kanisani alijua ni kwa nini. Tulivuna. Ule upande wa mtoni ulitoa mabua tu, lakini kwingine kote mashuke yaliinama kwa uzito. Magunia yalijaa sebuleni, yakatoka mpaka barazani.

Kaka yangu alikuja kutoka Nsemulwa na pikapu tupu. Nadhani alikuja kumchukua mama yake pamoja na kitanda chake. Alisimama mlangoni anayatazama magunia, kisha akakunja mikono ya shati na kuanza kuyapakia kwenda kukoboa. Alipomaliza mzigo wa kwanza alikaa chini kunywa maji.

"Kile chumba basi nitaweka mpangaji," alisema.

"Weka," alisema mama mkubwa. "Tafuta asiyependa kutazama nje."

Siku ya kuondoka niliamka mapema. Harusi ilikuwa inanisubiri Mpanda, MC alishanitumia ujumbe kuniuliza kama gitaa la kukalia linahitaji umeme. Nilichukua selo, nikaenda shambani kunyoosha vidole kwa mara ya mwisho mahali nilipovizoesha. Majaruba yalikuwa yamebaki visiki vya mabua. Anga ilikuwa tupu. Hakukuwa na kitu cha kuwavuta ndege, nao walikuwa wameshasahau kwamba tuliwahi kujuana.

Nikasikia hatua nyuma yangu. Mama mkubwa alikuwa anakuja juu ya tuta na kigoda chake. Debe hakubeba. Alikiweka kigoda karibu kabisa na selo, akakaa, akapanga kanga yake magotini.

"Piga," alisema.

"Ndege hamna leo, mama."

"Naona."

Nilikaza nyuzi ambazo hazikuhitaji kukazwa. "Nipige ipi? Katika zile zote, uliipenda ipi?"

"Nitajuaje?" alisema. "Kipindi chote hicho mi nilikuwa nasikiliza ndege. Ya kwako sijasikia hata moja."

Nimepiga mbele ya watu waliolipa kiingilio, na mbele ya walimu waliokaa na kalamu wakingoja nikosee. Hakuna hata mmoja aliyekaa karibu vile. Niliweka upinde juu ya nyuzi, nikaanza haraka mno, noti ya tatu ikaniponyoka, nikasimama. Niliona aibu kama mtoto.

Mama mkubwa alisubiri. Macho yake, ambayo msimu mzima yalikuwa juu, yalikuwa kwenye mikono yangu.

"Anza tena," alisema. "Leo sina pengine pa kuangalia."

Nikaanza tena.